Fahamu: Bei ya muhogo hupatikanaje katika soko huria?

Bei ya soko huria ni kiwango ambacho kiasi kinachotolewa na wauzaji kinalingana na kile ambacho wanunuzi wako tayari kukilipia, na wanauchumi hukiita bei ya mlingano, kwa kuwa pasipo jambo jipya hakuna upande wenye sababu ya kukisogeza.

Ugavi na mahitaji

Muhogo mkavu unapojaa sokoni baada ya mavuno, ugavi, yaani kiasi kinacholetwa kuuzwa, huzidi na bei hushuka; ukiadimika, wanunuzi hushindana na bei hupanda.

Mpaka unaingiaje?

Wilaya ya Koboko nchini Uganda, iliko Ludara, inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hivyo mahitaji hayaishii Uganda: mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Oraba kwenda Kaya, Sudan Kusini, hugombea gunia lile lile na mlaji wa Arua. Desemba 2015, Sudan Kusini ilipoacha pauni yake ipangiwe thamani na soko, ikaporomoka, bidhaa za Uganda zilizidi kuwa ghali kwa mnunuzi wa Juba hata pale ambapo bei zake kwa shilingi ya Uganda hazikubadilika.

Uhuru wenye mipaka

Nadharia hii inahitaji wanunuzi wengi na taarifa zinazowafikia wote, na sharti la wanunuzi wengi ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu mkulima anayefikiwa na mchuuzi mmoja tu hupokea bei asiyoweza kuijadili. Kwenye kahawa, kwa mfano, Uganda iliondoa ukiritimba wa bodi ya zao hilo mapema miaka ya 1990, lakini sheria pekee haileti ushindani kijijini. Inafaa mkulima wa Ludara aulizie bei ya Koboko na Arua kabla ya kuuza.