Kupatanisha Nguvu na Mzigo katika Redio

Leo nataka kuwaeleza jambo la umeme liwapotezealo watu wengi fedha zao. Mtu aona sauti ya redio yake ni dhaifu, hudhani betri imekwisha. Anunua nyingine, na sauti ni ile ile. Kumbe mara nyingine kosa si la betri. Spika haipatani na redio.

Watazameni wanawake wawili watwangao. Mmoja amepewa mchi mwepesi kama ufito: mkono wapanda na kushuka, lakini nafaka haipondeki. Wa pili amepewa mchi mzito kama gogo: jasho lamtoka, na mchi hauinuki. Kazi njema hutoka kwa mchi ulinganao na mkono. Umeme nao ni vivyo hivyo.

Tufanye hesabu. Kipo chombo kitoacho volti 10, na ndani yake mna ukinzani wa omu 5. Tukikitwika mzigo wa omu 1, mzigo hupata karibu wati 2.8. Tukikitwika omu 20, hupata wati 3.2. Lakini tukikitwika omu 5, sawa na ukinzani wake wa ndani, mkondo ni ampea 1 na mzigo hupata wati 5. Hapana mzigo mwingine upatao zaidi. Walakini angalieni: wati 5 nyingine hupotea ndani ya chombo kwa joto. Kwa sababu hiyo mitambo ya kuleta umeme mijini haitumii kanuni hii.

Umeme wa sauti huenda na kurudi upesi. Huo hauzuiwi na ukinzani wa waya peke yake, bali na koili na kapasita pia. Jumla ya vizuizi hivyo huitwa impidansi.

Chuoni kwetu ilikuwapo redio ya zamani ya valvu. Spika yake ilipoharibika, fundi mmoja alitia nyingine, akaiondoa na transfoma, akidhani haina kazi. Ikawa habari za mvua zikisomwa, wazee walioketi barazani hawasikii neno, nao ndio waliongoja kujua siku ya kupanda. Wanafunzi wakakaa kupiga hesabu. Valvu ile yataka mzigo wa omu 5,000. Spika ina omu 8. Gawanya 5,000 kwa 8, utapata 625. Na kipeuo cha pili cha 625 ni 25. Basi yatakiwa transfoma yenye mizunguko 25 upande wa valvu kwa kila mzunguko 1 upande wa spika. Ilipotiwa, sauti ikajaa baraza yote. Lakini msiiguse redio ya namna hiyo pasipo mjuzi: volti zake zaweza kuua, na kapasita hushika umeme hata redio ikiisha kuzimwa.

Sasa tutazame chujio. Kama vile chekeche hupitisha unga na kuzuia chenga, ndivyo kapasita ipitishavyo sauti nyembamba na kuzuia nzito. Koili hufanya kinyume chake. Spika ndogo ya sauti nyembamba, yenye omu 8, ikitanguliwa na kapasita ya mikrofaradi 10, mpaka wake huwa karibu mitetemo 2,000 kwa sekunde. Hapo mpakani hupita nusu ya nguvu, na chini yake hupungua zaidi na zaidi.

Lakini mtu akiiondoa spika hiyo na kutia ya omu 4, mpaka wahama hadi karibu mitetemo 4,000, ingawa kapasita ni ile ile. Basi mwaona kwamba mambo haya mawili ni ndugu: chujio halifanyi kazi yake sawasawa mpaka mzigo uwe ule uliokusudiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua spika, someni omu zilizoandikwa nyuma yake, mkazilinganishe na zile zitakiwazo na redio yenu. Kusoma namba hiyo hakugharimu hata senti moja.