Mvua, mbu na zizi: homa ya Bonde la Ufa inavyofika nyumbani

Kondoo mmoja akitupa mimba, mfugaji anaweza kusema ni bahati mbaya. Wakitupa wengi kwa mfululizo baada ya mvua kubwa, mwite daktari wa mifugo kabla hujamtuma mtoto kusafisha zizi.

Hiyo ni dalili kubwa ya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza pia binadamu. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1931 nchini Kenya, wakati wa uchunguzi wa maradhi ya kondoo katika shamba moja la Bonde la Ufa.

Lakini virusi peke yake havileti mlipuko. Wapo mbu wa jamii ya Aedes wanaotaga mayai yenye virusi kwenye udongo wa mabondeni. Mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miaka bila kuharibika. Mvua ikizidi na maji yakatuama, yanaanguliwa, na mbu wapya hutoka tayari wakiwa na virusi na kuuma mifugo. Baadaye mbu wa aina nyingine, wanaozaliana kwenye maji hayo hayo, huusambaza zaidi.

Hali ya mnyama nayo inachangia. Wanakondoo wachanga hufa kwa wingi kuliko kondoo wakubwa.

Ndiyo maana milipuko ya 1997–1998 na 2006–2007 ilifuata mvua za El Niño. Huo wa pili uliua watu zaidi ya 300 nchini Kenya, Somalia na Tanzania.

Watu wengi huambukizwa kwa kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, kuchuna au kuzalisha. Kwa hiyo usichinje mnyama anayeumwa, vaa glavu, chemsha maziwa, pika nyama iive, na familia ilale ndani ya chandarua.

Chanjo ya mifugo ipo, ila itolewe mapema. Mlipuko ukishaanza, sindano moja ikitumika kwa wanyama wengi inaweza kueneza virusi.

Na mtu yeyote nyumbani akipata homa kipindi hicho, mweleze daktari habari za mifugo yenu. Dalili za mwanzo hufanana na za malaria, hivyo usipomwambia huenda asifikirie ugonjwa huu.