Mizizi, wala si saruji, ndiyo kinga ya kingo za mito

KILA msimu wa masika, mkulima anayeishi kando ya mto hupata hasara isiyoonekana kwenye hatimiliki yake: shamba hupungua. Hatua mbili mwaka huu, tatu mwaka ujao, hadi mgomba wa mwisho utumbukie majini. Mto Nzoia, unaoteremka kutoka milima ya Cherangani na Elgon, hubeba udongo kama huo hadi Budalang'i, ambako mnamo Mei 2020 ulivunja kingo zake na kuwafurusha wakazi wengi.

Wengi hudhani kwamba dawa ni ukuta wa saruji. Mbali na gharama, ukuta laini haupunguzi kasi ya maji. Huyasukuma tu yakashambulie shamba la jirani aliye chini.

Ukingo huporomoka kuanzia chini. Maji huula mguu wake, hasa upande wa nje wa kona ambako kasi ni kubwa. Udongo wa juu hubaki ukining'inia, ukiwa umelowa na kuwa mzito, kisha huanguka, aghalabu mafuriko yanapopungua.

Kwa hivyo, kazi yapasa kuanzia hapo chini wakati wa kiangazi. Panga mawe au matita ya matawi kwenye mguu wa ukingo na kuyashikilia kwa vigingi. Ukingo uliosimama wima ulazwe kidogo. Mvua zinapoanza, panda nyasi za vetiva kwa safu zinazokata mteremko, mashina yakiachana kwa sentimita 10 hadi 15. Mizizi yake huweza kushuka mita 3 na kuufunga udongo kama nyaya. Juu zaidi, panda mianzi na miti ya kienyeji kama mikuyu.

Mikaratusi iepukwe kwa kuwa hufyonza maji mengi. Mnamo 2009, John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza ikatwe karibu na vyanzo vya maji. Mifugo nayo itengewe mahali pamoja pa kunywea, kwani kwato huvunja ukingo.

Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 uachwe bila kulimwa. Kwa mwenye nusu ekari, hilo ni pigo. Hata hivyo, ukanda huo si jangwa: nyasi zitakatwa kulisha ng'ombe na mianzi itauzwa. Ukilimwa hadi ukingoni, mto utauchukua bila fidia.

Mimea ina udhaifu wake: huhitaji misimu kadhaa kushika, na haitafaa kitu iwapo jirani wa ng'ambo anachimba mchanga. Ndiyo sababu kazi hii hufaa ifanywe na kijiji kizima, kabla ya mafuriko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kando ya mto, hata ukuta wenyewe huenda usisimame.