Je, Hakuna Dawa ya Kumfanya Apumue?

Katika utume wa kuwatembelea wagonjwa, tunaulizwa swali hili na ndugu wanaokesha kando ya mwenye ugonjwa sugu wa mapafu. Yatupasa kulijibu kwa ukweli, kwa maana faraja isiyo na ukweli huwaumiza wagonjwa na jamaa zao.

Dawa hizo zipo. Doksapramu, inayotiwa mshipani, huamsha vihisio vilivyo shingoni, navyo huuhimiza ubongo kuongeza pumzi. Lakini mgonjwa aliyedhoofishwa na tumbaku au moshi wa kuni wa miaka mingi, kwa kawaida hakosi himizo la kupumua. Njia zake za hewa zimebana na misuli yake imechoka. Kumhimiza zaidi ni sawa na kumchapa punda aliyelemewa: atasogea hatua chache, lakini mzigo uko palepale. Tena dawa hiyo yaweza kuleta fadhaa, mapigo ya moyo ya kasi na hata degedege. Almitrini, iliyokuwa ya vidonge, iliharibu neva za miguu na kuwakondesha baadhi ya wagonjwa. Idhini yake ikafutwa barani Ulaya mwaka 2013.

Ndiyo maana leo madaktari hutanguliza mashine inayosukuma hewa kwa barakoa, kwani hiyo hupunguza mzigo wenyewe. Jamaa nao wasiongeze oksijeni kwa hiari yao. Kwa wengi wa wagonjwa hawa kiwango kinacholengwa katika damu ni asilimia 88 hadi 92. Ikizidi, hewa ya ukaa yaweza kujilimbikiza na mgonjwa akapoteza fahamu.

Na msaada wenyewe ukigeuka kuwa mateso? Tarehe 24 Novemba 1957, Papa Pius XII, akiwajibu madaktari wa usingizi kuhusu mashine za kupumulia, alifundisha kwamba tunawajibika kutumia njia za kawaida, zisizo mzigo mzito kupita kiasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, yafundisha kwamba kusitisha tiba nzito isiyolingana na matokeo yanayotarajiwa kwaweza kuwa halali: hapo hatukusudii kifo, bali tunakubali kwamba hatuwezi kukizuia. Uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe, akiwa na uwezo.

Basi, tumuulize daktari mapema, mgonjwa angali aweza kusema: ni msaada upi utakaompunguzia mzigo, na upi utamwongezea? Na padre aitwe mapema kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa, pasipo kungoja pumzi ya mwisho.