Mbeere Kaskazini: Tofauti ya Kura 494

Uchaguzi mdogo wa ubunge wa Mbeere Kaskazini, kaunti ya Embu, wa Novemba 27, 2025 ulimpa Leo Wamuthende wa UDA, chama cha Rais William Ruto, kura 15,802. Newton Karish wa DP, aliyeungwa mkono na aliyekuwa naibu rais Rigathi Gachagua na wenzake wa upinzani, alipata 15,308. Kuanzia Siakago hadi Nairobi, matokeo hayo yamefasiriwa kuwa ama eneo la Mlima Kenya limemrudia Ruto, ama serikali imemwaga nguvu zake zote ikaponea chupuchupu. Mimi naona tafsiri zote mbili zinamruka mtu wa tatu. Duncan Mbui wa Chama Cha Kazi alipata kura 2,480, mara tano ya tofauti iliyoamua kiti. Upinzani uliponyokwa na Mbeere Kaskazini pale uliposhindwa kukubaliana na Mbui, kabla hata masanduku hayajafunguliwa.

Nitaambiwa kwamba kura za Mbui hazikuwa mali ya Karish, na ni kweli. Mbui alikuwa mwakilishi wadi wa Evurore, Karish wa Muminji, na mwenyeji humpigia mwenyeji mwenzake kabla ya kutazama nembo ya chama. Lakini tupige hesabu. Kama wafuasi wote wa Mbui wangepiga kura na kuchagua kati ya wawili hao, Karish angehitaji 1,488 tu, yaani asilimia 60, ashinde. Hicho si kiwango cha kutisha kwa anayejua kubembeleza. Wengine watasema Naibu Rais Kithure Kindiki alipiga kambi huku, na maneno matupu hayawezi kushindana na rasilimali za serikali. Sawa, ila hilo lilijulikana tangu mwanzo. Anayejua mto umefurika haingii na mitumbwi miwili inayogongana.

UDA nayo isijipige kifua sana. Mwaka 2022 wapiga kura hawa walimpa Geoffrey Ruku kiti kwa tiketi ya DP, chama kilichokuwa ndani ya Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, wakati Embu ikimpa Ruto urais. Ruku alipoteuliwa waziri mwaka 2025 na kukiacha kiti hicho wazi, alichukua nafasi ya Justin Muturi, kinara wa DP yenyewe, kisha akaifanyia UDA kampeni. Muturi naye aliingia bungeni mwaka 1999 kwa uchaguzi mdogo wa eneobunge la Siakago, akiwa KANU. Kwa hiyo anayedai kwamba Wambeere wamekihama chama kimoja wakajiunga na kingine aonyeshe kwanza ni lini walikuwa wanachama. Hapa chama ni gari la kukodi. UDA imeongeza mbunge, hilo halina ubishi, lakini kati ya kura za wagombea hao watatu, zilizoikataa ni 17,788. Kwa wapinzani wa Siakago, Ishiara na kwingineko, muda wa kukaa chini na kutaja jina moja unaisha kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027.