Kamera Ikianguka Chini

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, iliyo juu kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mvua hunyesha mara kwa mara alasiri, na njia za mashambani huteleza. Mpiga picha akianguka, kamera yake ya filamu aipendayo huanguka pamoja naye. Lakini hasara kubwa si lenzi iliyopasuka, bali ni picha za arusi zilizomo ndani, zisizoweza kupigwa tena.

Basi, usiifungue kamera mchana kutazama madhara, maana mwanga ukiingia filamu huharibika. Izungushe kwanza irudi yote katika kibweta chake. Ikikwama, itoe katika giza kabisa na kuifungia mkebeni. Kisha mpelekee fundi kamera.

Na siku zote mkanda uwe shingoni: tahadhari kabla ya hatari.