Kuwafikia Wanaume Pale Walipo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kiwango cha vifo hivyo miongoni mwa wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake, ilhali wanawake ndio wanaogunduliwa zaidi kuwa na sonona, yaani maradhi ya huzuni na kukata tamaa yanayodumu kwa wiki mbili au zaidi na kumwondolea mtu raha ya mambo aliyoyapenda. Aghalabu tofauti hiyo huelezwa kwa malezi, kwa kuwa mvulana hufundishwa tangu utotoni kujikaza kiume. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi, kwani humtwika mwanamume lawama zote na kuusahau mfumo unaopaswa kumhudumia.

Katika Afrika Mashariki mwanamke hukutana na wahudumu wa afya mara kwa mara, katika kliniki ya wajawazito, ya watoto na ya uzazi wa mpango, ambako anaweza kuulizwa hali yake. Mwanamume hana miadi ya namna hiyo. Athari yake ilionekana Zimbabwe, katika mradi wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda, ambapo akina bibi waliofunzwa unasihi huwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba huduma hiyo hupunguza dalili za sonona, lakini kati ya washiriki wake 573, takriban asilimia 86 walikuwa wanawake.

Hata mwanamume anapofika zahanati, ugonjwa wake huweza kupita bila kutambuliwa, kwa sababu maswali ya uchunguzi hulenga zaidi huzuni, ilhali kwa wanaume wengi sonona hujitokeza kwa hasira za ghafla, ulevi au kujihatarisha, mambo ambayo jamii huyahesabu kuwa utovu wa tabia.

Kwa wavulana, shule ndiyo mahali pa kuanzia. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri huwatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikao vinne vya saa moja kuhusu shukrani, maadili ya mtu binafsi na uwezo wa binadamu kubadilika, bila kumbandika mwanafunzi jina la mgonjwa. Utafiti wa mwaka 2021 uliohusisha wanafunzi 413 ulionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea. Kwa watu wazima, mafunzo kama hayo yangeweza kupelekwa kwa vinyozi, viongozi wa vituo vya bodaboda, maimamu na wachungaji, ambao tayari husikia shida za wanaume.

Sheria nayo haina budi kurekebishwa, maana anayeogopa kushtakiwa hatatafuta msaada. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Nchini Tanzania, kifungu cha 217 hulihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Wabunge, walimu na wasimamizi wa afya wanapaswa kuacha kumsubiri mwanamume aje mwenyewe, na badala yake wamfuate shuleni, kazini na barazani.